Leo Tunalima kwa Wanja

Rafiki yangu Wanja,

Nimechoka. Naanzia hapo kwa sababu hukupenda mtu azunguke. Tangu tukuzike Siakago sijapumzika hata wikendi moja. Mitihani midogo ya CAT inafuatana kama imetumwa, insha yangu ya udongo imerudishwa niiandike upya, na ripoti ya kundi letu ilibaki ikitungoja palepale ulipoiacha. Walimu walitupa pole darasani, kisha wakatusomea tarehe za kukabidhi kazi.

Sasa kiongozi wa kundi ni mimi. Hakuna aliyenichagua, ila simu zilipoanza kulia, zililia kwangu. Mwenda unamjua. Kila nikimpigia ananiambia, "Kinya, wee weka tu jina yangu, nitakuja kupresent." Karimi naye anasoma ujumbe na kunyamaza. Basi nikaandika sehemu yangu, jinsi watu wa Timau wanavyohifadhi viazi. Nikaandika ya Mwenda ya ndizi za Nkubu, nikamalizia na ya Karimi ya mahindi. Yako ya ndengu sikuigusa. Kila nikiifungua naona pale ulipoishia katikati ya sentensi, naifunga kompyuta. Bila sehemu hiyo mwalimu hapokei ripoti, na bila ripoti sote tunarudia somo mwaka ujao. Nilijua hivyo na bado niliifunga.

Nilikukasirikia, Wanja. Ulienda nyumbani na homa ukisema Jumatatu utakuwa umerudi. Ungekuwa hapa ungetuita sote meza moja nyuma ya maktaba na kutangaza, "Leo tunalima kwa Mwenda!" Ulituendesha kama ile ngwatio ya mama yako ya kulimiana kwa zamu: leo watu wote wako shamba la huyu, kesho la yule, na hakuna ruhusa ya kujifungia na kipande chako. Karimi alikuwa akilalamika kwamba hivyo tunachelewa. Kweli tulichelewa, lakini tulicheka, na sikumbuki kuchoka namna hii.

Wiki iliyopita niliwaandikia kwamba nimeshindwa, naenda kuomba kuahirisha masomo, wamalize wenyewe. Nilitarajia kimya. Mchana huohuo Mwenda akatokea na mandazi kwenye gazeti, Karimi nyuma yake amenuna. Mwenda akaniambia, "Si kwa ngwatio mtu akifiwa shamba yake ndio inalimwa ya kwanza? Sasa mbona sisi tunaruka ya Wanja?"

Mwenda, Wanja! Mwenda wa weka-tu-jina. Nikaifungua kompyuta.

Tukakaa. Karimi alisoma kwa sauti yale uliyoandika, akafika kwenye ile sentensi iliyokatika, akashindwa. Tulilia hapohapo, wanafunzi wakitupita na vitabu vyao. Kisha Mwenda akampigia mama yako, akamuuliza mnavyokausha ndengu na majivu gani mnachanganya kuzuia wadudu. Mama alieleza, kisha akaeleza tena. Tuliandika yote, tukibishana kuhusu kila aya kama zamani. Nilikuwa bado nimechoka, ila sikuwa peke yangu.

Ripoti imepita. Lakini mwalimu alisema tutoe jina lako kwenye jalada, eti mfumo wa alama haumkubali aliyefariki. Mwenda na Karimi wapo, na wewe uliyetufundisha kukaa meza moja hupo. Nilitaka kubishana, nikakosa nguvu. Nililifuta mimi mwenyewe, herufi moja moja, na sijafanya kazi ngumu kuliko hiyo muhula huu wote.

Sitaahirisha masomo. Najua ungeuliza. Uchovu haujaisha, na kesho kuna CAT nyingine ambayo sijaisomea, lakini nimemwambia Mwenda aje tusome pamoja na amekubali bila kunizungusha.

Mama yako alituambia kwamba msimu huu hana mtu wa kumsaidia kuvuna. Basi pumzika, rafiki yangu, angalau mmoja wetu apumzike. Mitihani ikiisha tunakuja kwenu, sote watatu, na hatutaondoka mpaka ndengu zote ziwe ndani. Hutakuwepo kutuita wavivu. Tutaitana wenyewe.

Wako,
Kinya