Kemia Imeniangusha, Baba Anasema ni Wavulana

Anti mshauri, shikamoo, naandika kabla shule hazijafunguliwa maana nikichelewa nitakuwa nimeshahamishwa. Niko kidato cha tatu, shule ya mchanganyiko hapa Mbagala, natamani kuwa mfamasia lakini kemia nimeporomoka, na baba anasema ni wavulana tu wanaonipotezea akili, basi amenitafutia shule ya bweni ya wasichana mkoani, anasema, "Nusaiba, kule hamna wa kukuchekea, utasoma." Anti, mie sina mvulana, ukweli ambao sijamwambia baba ni kwamba kwenye praktikali za maabara wavulana wa kundi letu ndio wanaoshika vifaa, mimi napewa kuandika majibu kwa sababu nina mwandiko mzuri, nikisogea, mmoja wao, Talha, anasema, "Karani wetu, usije ukavunja vioo vya watu," tunacheka wote, halafu kwenye mtihani kila mtu na meza yake, nami sijui hata kifaa kipi kinaanza. Nikimwambia baba atasema si unaona, hao hao wavulana, nami nalipenda darasa letu, tukibishana hesabu na huyo huyo Talha ndipo naelewa, ila kuna wakati nawaza kule kwa wasichana labda ningeshika mwenyewe. Ninyamaze au nikubali kuhama?

Nusaiba, Mbagala

Marahaba mwanangu, na pole. Baba yako ana haki ya kuogopa, ila anatibu ugonjwa asioujua, na aliyemficha ni wewe. Sifa ya mwandiko imekulevya: wewe unaandika, wenzako wanajifunza.

Shule ya wasichana si adhabu. Wapo wanaong'ara wakiwa wenyewe, na wapo wanaohitaji mtu wa kubishana naye. Ila usihame, wala usibaki, kwa jambo lisilo kweli. Mwambie baba leo, mama akiwepo, bila kumfanya Talha kuwa jambazi. Mwombe mwende wote kwa mwalimu wa kemia, uombe kundi lishike vifaa kwa zamu. Zamu yako ikifika, kalamu mpe Talha, mwandiko wake mbaya mtausoma hivyo hivyo. Na baba akishikilia uhame, aulize kwanza kama huko maabara inafanya kazi na kila msichana anashika vifaa mwenyewe. Bweni lisilo na kemikali halitakupa ufamasia.

Usimwogope. Baba anayekutafutia shule hadi mkoani ni mtu anayetaka ufaulu. Hajakataa kukusikia, hujamwambia tu.