Chupa Moja ya Asali

Jumatatu, 6 Agosti 1984
Foleni ya sukari tena, Bunda mjini. Nimerudi na kikapu kitupu. Tangu Pasaka tunakunywa chai bila sukari.

Nyangeta, mdogo wangu, anaolewa Jumamosi. Wakwe wanatoka Butiama. Nimeahidi keki, mdomo wangu huu. Jioni shemeji Masatu amefika kutoka Nyamuswa na asali, chupa mbili na nusu, zile za bia. "Chupa moja ni nusu kilo, shemeji. Ndivyo tunapimaga." Basi keki itakuwa ya asali.

Jumanne, 7 Agosti
Daftari langu la kozi ya upishi ya Musoma: unga kilo moja, asali gramu mia saba, mayai, samli. Nimepiga hesabu. Chupa moja na karibu nusu. Nimejisifu.

Unga ninao kilo mbili tu. Madukani hakuna. Naoka kesho, nisije nikahangaika dakika za mwisho.

Jumatano, 8 Agosti
Imeharibika. Pembeni mkaa, katikati uji. Moto chini, makaa juu ya mfuniko, kama siku zote. Kosa si la moto.

Nimeonja kipande. Tamu mpaka koo linakaba. Asali imezidi? Lakini nilipima!

Nyangeta ameiangalia. Amekwenda kufua nguo zilizokuwa safi. Nimelia jikoni kama mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki.

Imebaki chupa moja na tone. Kwa hesabu ya Masatu, nimepungukiwa gramu mia mbili. Unga ni wa mara moja tu. Nikikosea tena, wakwe watalishwa maandazi makavu na mimi nitahamia kisiwani.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimekwenda zahanati na chupa zangu kwenye kapu. Mizani pekee ninayoiamini hapa Nyasura ni ile ya kliniki, inayoning'inia. Nesi Bhoke amenitazama kama mgonjwa. "Mama, hapa tunapimaga watoto tu." Nimemweleza habari za harusi. Amecheka, kisha akaning'iniza chupa ndani ya kile kikaptula cha kupimia watoto. Kina mama wote benchini wakanyoosha shingo.

Chupa tupu: gramu mia nne.
Chupa ya maji: mia tisa. Kwa hiyo maji ni nusu kilo, kweli.
Chupa ya asali: kilo moja na mia moja.

Nimemwomba arudie. Amerudia. Mshale umesimama palepale. Ukitoa chupa, asali ni gramu mia saba. Chupa ileile, shingo ileile, na asali inayazidi maji gramu mia mbili! Basi keki ya kwanza ilikula karibu kilo nzima. Masatu na wenzake wanahesabu uzito wa maji, wanauza asali.

Na niliyobaki nayo ni chupa moja. Gramu mia saba. Kamili. Jana nililia nikiwa nayo mkononi.

Njiani nimeihamisha kutoka mkono huu kwenda huu. Nzito. Miaka yote mkono ulijua, mimi sikujua.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimeoka. Chupa moja, basi. Niliogopa kufunua. Imeumuka, rangi ya udongo wa Kabasa baada ya mvua. Nimepiga magoti palepale kwenye majivu. Nyangeta amenikuta hivyo, naye akapiga magoti bila kuuliza.

Jumapili, 12 Agosti
Wageni wameondoka. Miguu inauma.

Jana mama mkwe wa Butiama alilishwa kipande na Nyangeta. Akatafuna muda mrefu. Akafungua mkono, aongezwe. Nyangeta akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

Nyumba iko kimya bila yeye. Nimesuuza chupa kwa chai ya moto, lile tone la mwisho likayeyuka. Nimekunywa kikombe kimoja kitamu, polepole, nikiwa nimekaa mahali pake.