Mazishi Yako Yamekuwa Somo la Kwanza

Baba,

Ile kozi yenu kuhusu Bunge imepata kibali. Muhula ukifunguliwa, wanafunzi wako wa Bungoma na wale wa chuo cha ng'ambo watasoma pamoja, kila upande ukiuona mwingine kwenye skrini, kama ulivyopanga na Daktari Helen, mwenzako wa chuo hicho. Ungefurahi. Lakini somo la kwanza ni mazishi yako, na hapo sijui ungesema nini.

Daktari Helen alikuja kwetu Kitale wakati wa likizo. Unakumbuka alipofika mara ya kwanza, alidhani mtamtafiti mbunge Nairobi, ndani ya Bunge. Wewe ukampeleka matanga. Ulimwambia kwamba mbunge wa huku hufanya kazi yake Jumamosi, kando ya jeneza, na kwamba mtu asiyejua hilo hajui Bunge letu. Siku hizo nilikuwa nikikufuata na kitabu changu, tunaketi nyuma kabisa. Mheshimiwa akishika kipaza sauti unaninong'oneza, "Sasa atasema hakuja na siasa." Naye anasema, "Mimi sikuja hapa na siasa." Tunacheka hadi mama anatufinya.

Kule hospitali, kabla sauti yako haijaisha, ulituambia mimi na mama, "Kwangu mwanasiasa asiongee. Waongee wanafunzi wangu, na mama yako." Nilimwambia baba mdogo Wafula. Unajua ninavyoogopa kusema mbele ya watu wazima, lakini nilimwambia, tena mbele ya wajomba. Akanicheka. "Wewe msichana, vitabu vimekujaa kichwa. Hema ni ya nani? Viti ni vya nani? Mheshimiwa atoe hayo yote, kisha aje akae kimya kama mtu anangoja kung'olewa jino?" Wote wakacheka. Mambo yakaishia hapo.

Basi tukakuzika kijijini kwenu, Misikhu. MC aliwaruka wanafunzi wako, akasema muda umeenda. Mama alikuwa amesimama tayari, hotuba yake mkononi. MC akamwambia, "Mama, keti tu, tunakuelewa." Baba, mama alibaki amesimama kidogo, akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akaketi. Na yule mheshimiwa ambaye kila mara alikuwa akikataa kuhojiwa nawe akainuka, akakuita profesa, akasema mlikuwa mkishauriana usiku na mchana. Halafu akasema, "Mimi sikuja hapa na siasa."

Niligeuka upande wangu wa kushoto. Nilikuwa nakutafuta tucheke.

Alimtukana mpinzani wake mpaka watu wakasahau tumekuja kufanya nini. Walipiga makofi. Mtu mmoja akapaza sauti, "Ongeza, mheshimiwa!" Ongeza, na wewe umelala hapo.

Yote hayo yalirekodiwa, kwa sababu Daktari Helen alileta kamera ili wenzako wa ng'ambo nao wakuage. Na sasa alikuwa ameketi sebuleni kwetu, chai inapoa mbele yake, akisema hotuba ile ni mfano bora kuliko yote mliyowahi kukusanya, akituomba iwe somo la kwanza. Alilia aliposema hivyo. Simchukii, Baba. Ningependa kumchukia. Baba mdogo alikubali kabla hajamaliza kuomba: "Si tutaonekana mpaka ng'ambo, bana!" Mama akasema, "Muulize Nekesa. Yeye ndiye alikuwa akiifuatilia kazi hii na babake."

Hivyo swali likawa langu. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Nilikukasirikia wewe. Yule mjane wa Kiminini, aliyefunika uso kwa kanga wakati mheshimiwa anaahidi barabara, mlimrekodi pia. Wanafunzi wako walimtazama darasani, wakahesabu makofi. Ulimuuliza? Au ulimuuliza shemeji yake, kama baba mdogo alivyotujibia sisi? Ulikuwa unajua kila kitu kuhusu waheshimiwa. Kuhusu wanaoketishwa sijui ulijua nini. Natamani ningekuuliza ungali hai. Sasa nauliza karatasi.

Nilitaka kukataa. Nilirudi sebuleni nikiwa na neno "hapana" mdomoni. Nikamwona mama amekaa vilevile, mikono mapajani, akisubiri kuambiwa. Nikaona nikikataa, atakayefichwa ni yeye, na yule mwanamume ataendelea na matanga mengine wiki ijayo.

Nilisema ndiyo, kwa sharti. Wasianze na mheshimiwa. Waanze pale mama anaposimama na hotuba yake, waonyeshe akiketishwa, ndipo mheshimiwa aingie. Daktari Helen alisema kipande hicho hakina sauti nzuri na kitarefusha somo. Nikamwambia lirefuke. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini alinisikia. Nilimgeukia mama nikamuuliza kama ni sawa. Akasema, "Waone."

Halafu Daktari Helen akaniuliza nani atawaeleza wanafunzi huyo mama ni nani. Baba mdogo alikuwa amekwisha kukohoa, tayari kujitolea. Nikasema ni mimi.

Kwa hiyo nitakuja Bungoma, chumba chako cha mihadhara, na sare yangu ya shule, mbele ya watu wa nchi mbili. Sijawahi hata kusoma tangazo pale gwarideni shuleni. Nakuahidi nitasimama. Nitalitaja jina la mama lote, kisha nitaisoma ile hotuba yake mpaka neno la mwisho, na mtu akiniambia muda umeenda, sitaketi.

Lala, Baba. Bado nimekukasirikia, na bado nakukosa kila Jumamosi.

Binti yako,
Nekesa