Mukono Nisioutoa

Mujukuu wangu Furaha,

Amani ikufikie huko. Siye tuko wazima, maharagi imeiva. Umeuliza kwa nini mudogo wa babu yako simupi mukono.

Ugonjwa wa mishipa ulimukamata babu yako hapa kambini Nakivale. Alianza kutetemeka, miguu ikakataa, halafu ulimi. Muuguzi wa hospitali ya Mbarara alinifundisha kumugeuza kitandani na kumulisha uji pole pole. Siku moja mudogo wake akasimama mbele yake, akasema, "Huyu alishakufa. Tugawane ng'ombe zake."

"Anakusikia!" nikamuambia.

"Jiwe inasikia?"

Machozi ikamushuka babu yako. Tangu hapo, nikileta kijiko, alifunga kinywa, mpaka akakufa. Kumbe mugonjwa hashibi uji tu. Kwenye maziko, mudogo wake alilia kutupita wote.

Ubaki salama.

Nyanya yako,
Nabintu