Kiti cha mutoto wake

Jumamosi, Goma. Mvua ya asubuhi imekatika, mlima wa volkano umejificha kwenye mawingu, na mimi nimelia mpaka macho yamevimba. Acha niandike tu.

Leo tumemaliza kilio cha baba mudogo, kule mtaa wa Himbi. Kwa kawaida yetu, wanawake wote wa familia tulishona kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja, cha buluu. Jamani, sikumfikiria mama hata kidogo!

Mama hatambui sura za watu. Lava ilipomeza nyumba yetu alitoka mzima. Ni vita ndiyo ilikuja kumfikia, kipande cha bomu, nyuma ya kichwa. Macho yake hayana ugonjwa. Daktari alinieleza hivi: jicho linaleta mawe tu, yaani mistari, kona, rangi, kivuli. Ubongo ndio fundi wa kuyapanga yawe ukuta. Kwa mama mawe yanafika, fundi hayuko. Anaona pua, anaona mdomo, mtu hamwoni.

Ndiyo maana kila siku navaa kikwembe cha njano. Majirani wananicheka eti sina kingine. Wacheke! Mama akiona njano anajua ni mimi.

Leo alitangulia na shangazi kukaa uani na waombolezaji, mimi nikabaki jikoni nikipika sombe, majani ya muhogo. Nilipotoka nilimkuta amekaa katikati ya wanawake wa buluu, akigeuza kichwa huku na huku. Kando yake kulikuwa na kiti kitupu, amekiwekea mkoba wake.

Ningesema neno moja tu, sauti yangu anaijua. Nikamsogelea tu. Nilitaka anitambue kwa uso huu alionizaa nao, hata mara moja.

Alinitazama kwa heshima, kama mgeni.

Iliniuma sana. Nikainama nikae, naye akaweka mkono juu ya kiti.

"Pole, mama, usikae hapa. Ni kiti ya mutoto wangu, iko anakuja."

Nikasema, "Mama, ni miye."

Akacheka, akaondoa mkoba haraka, akanigombeza mbele ya watu wote: "Ulikuwa wapi? Watu wanataka kukunyang'anya kiti!"

Sitamjaribu tena. Kikwembe cha njano nimekifua na kukianika juu ya ukuta wa mawe, na mvua imeanza upya. Kesho nitakivaa hata kikiwa kibichi.