Ndege Imefika

Kisugu, Jumatano. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likatoka kali. Nyumba ni safi. Natamani isingekuwa safi.

Jana mwanangu Salim aliondoka kwenda Nairobi. Walimu wawili anaofundisha nao chuoni Kyambogo walichukuliwa juma lililopita na watu wasio na sare, na mimi ndiye niliyemwambia asingoje zamu yake. Alipanda teksi akiwa na mkoba mmoja tu, asije akaonekana mtu anayehama. Ndege ilikuwa ya saa nne.

Tangu hapo mke wangu, Mwanaisha, hakugusa ufagio. Kwao, msafiri akitoka, nyumba haifagiliwi mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia, unamfagia yeye.

Nimesomesha jiografia maisha yangu yote na mambo hayo siyavumilii. Leo asubuhi nilifungua atlasi, nikapima kwa rula kutoka Entebbe hadi Nairobi.

"Tazama. Hata urefu wa kidole haufiki. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja. Jana saa tano alikwisha kufika. Fagia, watu wasituone wachafu."

"Wewe umepima karatasi, Baba Salim."

Lakini alichukua ufagio.

Baada ya adhuhuri mwenye duka la jirani aliniita kwa sauti. "Mzee, kuja haraka! Simu ya Nairobi iko, dada yako anangoja!"

Siku hizi hakuna anayesema wazi kwenye simu. Zainabu alisema, "Kaka, zile kanzu ulizotuma sijazipata."

"Labda ndege ilichelewa."

"Ndege ilifika jana, tena kabla ya wakati. Nilisimama pale mpaka abiria wa mwisho akatoka."

Simu ikakatika.

"Kanzu zimepotea, mzee?" mwenye duka aliniuliza. "Pole. Usijali, utashona zingine."

Nilimshukuru.

Nilipima anga. Barabara ya kutoka hapa mpaka Entebbe, pamoja na vizuizi vyake vya askari, sikuipima.

Nilipofika nyumbani, Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni. Tope la viatu vya Salim, lililokauka kizingitini tangu jana, halikuwapo tena.

"Zainabu amesemaje? Amefika?"

"Ndege imefika," nilisema.

Akamshukuru Mungu kwa sauti, akaenda kuitoa sukari aliyokuwa ameificha kwa ajili ya siku ya furaha.

Sikusema uongo. Nimewahi kuwachapa wanafunzi kwa ukweli wa namna hiyo.

Taka alizofagia ziko nyuma ya jiko. Nimekwenda kuzitazama mara mbili, mtu mzima mimi, na mara ya pili niliinama kulitafuta lile tope.

Sasa hivi ndege imepita juu ya nyumba kuelekea mashariki, na macho yangu yamekwenda kwenye saa ya ukutani bila ya mimi kuyatuma. Mwanaisha ananiita. Chai iko tayari, ameitia sukari yote.

Nitaimezaje?