Jibu la Protoni Limenikuta Makambako

Baba Neema, kamwene!

Hapa kwenu upepo ni wa baridi na viazi vya mama yako ni vitamu, ila leo vinapoa sahanini nikiitazama simu. Wenzangu wa maabara wanalifunua jibu: ukubwa wa protoni, tulioupima kwa leza ndani ya atomi zinazokufa kabla hujapepesa jicho. Muda wote tulilificha hata sisi wenyewe tusilione, tusije tukalivutia tunakotaka.

Mama ameelewa haraka kuliko wewe. Akipima gunia lake sokoni hugeuka, mnunuzi ndiye asome mizani, eti macho yake yeye yana tamaa.

Ujumbe umeingia. Nimempa simu anisomee. Mbusu Neema, nawapenda mno. Mama bado anatafuta miwani.

Mama Neema